Oili ndani ya ngama: mpira uliokuwa ukiliwa na chuma

Kila tukirudi na boti kutoka baharini, maji ya ngama, yaani yale yanayotuama chini kabisa ndani ya boti, yalikuwa na utando wa oili, na stiki ya kupimia oili ya mashine ilionyesha kiwango kimeshuka. Sili zote za kuzuia oili isivuje zilikuwa kavu. Nikaisafisha mashine kwa brashi, nikaifuta, nikatandika magazeti chini, nikaiwasha na kuiacha ingurume polepole. Dizeli ikiwa polepole hutikisika zaidi, na hapo ndipo mipira (mabomba laini ya oili na maji) husuguana na vyuma.

Tone la kwanza lilitua upande wa alteneta. Nikazima, nikachungulia kwa tochi na kioo cha kunyolea: mpira wa oili umelalia ukingo wa bano la chuma, umeliwa hadi waya za ndani zinang'aa. Kwa juu ulionekana mpya kabisa! (Usiipapase mipira mashine ikiwaka, dizeli yenye presha hutoboa ngozi.)

Wapo wanaozungushia tyubu ya baiskeli. Kwa mpira wa oili huko ni kutafuta balaa, maana ukipasuka mashine inanoki. Nilipeleka wa zamani kwa mafundi wa mipira ya haidroliki, wakanibania mwingine wa kuhimili presha na joto lilelile, mrefu kidogo ili ulikwepe bano. Nikaushikiza kwa klipu yenye mpira ndani.

Kwa kuwa nilishachafuka, nikafunga vali inayoingiza maji ya bahari ndani ya boti na kuminya mipira yake. Mmoja ulikuwa laini kama ndizi iliyoiva. Nikaubadilisha, klipu mbili za chuma cha pua kila ncha. Huo ukichomoka, boti inazama ikiwa imefungwa gatini.