Mlima wa Mita 935

Nilipoambiwa urefu wake nilicheka hadi chai ikanipalia. Mita 935! Kwetu Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya Moshi, nyumba ya mama iko juu kuliko hapo, na sijasikia mtu akipongezwa kwa kutoka mgombani kwenda jikoni. Nikamwambia dada, "Huu tunapanda na ndala."

Ilikuwa Septemba 2016, jikoni kwake Glasgow. Mimi mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye sijawahi kutoka nje ya mji, yeye muuguzi kutoka Mombasa aliyekuwa akimalizia siku zake za mapumziko kwenye milima ya Waskoti. Namwita dada kwa heshima tu; undugu wetu ni lugha, na pilau yake ya Jumapili. Akasogeza vikombe, akatandaza ramani mezani.

"Mlima wetu, Beinn na Lap, ndio huu. Haya, nionyeshe barabara."

Nikatafuta, sikuiona. Kulikuwa na reli, kituo kimoja kiitwacho Corrour, na ziwa la Loch Ossian upande wa mashariki. Barabara ya umma haifiki pale. Watu hushuka kwenye treni, na treni zenyewe kwa siku unazihesabu kwa vidole. Kwa hiyo mpango wetu ulianzia kwenye ratiba: ya asubuhi ingetushusha kabla ya saa sita, ya jioni ingepita baada ya saa kumi na mbili. Ukiikosa hiyo, umelala huko.

"Na hivi vijani vidogo vilivyochorwa kila mahali?"

"Nyasi," nikasema.

"Tope hilo, mdogo wangu. Hata hiyo reli, walipoijenga miaka ya 1890, walikosa ardhi ngumu ya kuilaza. Wakatupa matita ya matawi, mizizi, udongo na majivu mpaka njia ikaelea juu ya tope. Sasa wewe waja na ndala."

Kituo chenyewe kiko mita 408, kwa hiyo tungepanda mita 550 hivi ukihesabu na kuteremka kidogo kuelekea ziwani. Akanifundisha kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeitoa mwaka 1892: kwa vipimo vya leo, saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 kwenda na kurudi, jumla haifiki saa tatu. Nikapiga mstari chini ya jibu kama mtoto aliyemaliza hesabu zake. Dada akachukua kalamu, akaongeza saa moja ya tope, nusu saa ya chai, "na nusu saa ya ubishi wako." Kisha akaandika kwa herufi kubwa: KUGEUKA SAA TISA. Popote tutakapokuwa.

Mengine alikuwa ameshayamaliza. Ulikuwa msimu wa kuwinda kulungu dume. Sheria ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea milimani Uskoti, ila ni adabu kuulizia kwanza wawindaji wako upande gani, naye alikuwa ameulizia. Utabiri ulisema uwezekano wa vilele kuwa bila wingu ni asilimia 20. Mimi niliachiwa kazi moja tu, kumwandikia Mskoti niliyeishi naye nyumba moja karatasi ya kubandika kwenye friji: tusipopiga simu hadi saa 4 usiku, aarifu polisi. Nikaandika 4. Dada akaifuta. "Andika 22:00. Huyu atakungoja mpaka alfajiri."

Siku yenyewe treni ilichelewa nusu saa, jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi. Tulitembea njia ya changarawe vizuri kabisa hadi ziwani, tukaiacha, tukashika mlima. Dada alikuwa amenionya nikanyage penye rangi ya kahawia na kukwepa kijani kinachong'aa. Lakini kijani kile kilikuwa kimetandazika kama zulia! Mguu wa kulia ulizama hadi pajani. Ulipotoka ulitoa sauti ambayo siwezi kuiandika, na buti likabaki chini. Nililiokoa kwa kulala kifudifudi na kuingiza mkono mpaka begani. Maji yale ni meusi kama kahawa na ni ya baridi hadi mfupa unalia. Kukamua soksi, kuzunguka madimbwi, kubishana tuzungukie wapi: ile nusu saa ya ubishi niliimaliza kabla hatujafika nusu ya mlima.

Saa tisa ilitukuta kwenye mgongo wa mlima, ndani ya wingu, hatuoni hatua ishirini mbele. Kwa ramani, kilele kilikuwa kimebakiza mita 90 za kupanda.

"Dada, dakika ishirini tu."

Akaangalia saa yake, akageuka. Hakusema neno.

Tulifika kituoni mapema mno, tukakaa zaidi ya saa nzima tukinywa supu kwenye mkahawa wa pale, mimi nikipiga hesabu upya kwenye leso ya karatasi na kila mara nikipata kwamba tungefika. Nilimwonyesha. Akaifutia mdomo.

Usiku ule nilimpigia mama, nikamsimulia yote, tope, buti, wingu.

"Na huo mlima una mita ngapi?"

Nikamwambia.

Akanyamaza kidogo. "Yaani, mwanangu, mmeshindwa kufika Moshi mjini?"