Gazeti la Ijumaa ile lililokutwa ndani ya kochi

Ukiwa fundi makochi unazoea kukuta vitu. Sarafu, biki, vitana, rimoti iliyotafutwa nyumba nzima mpaka ikanunuliwa nyingine. Kuna mwaka nilikuta nusu ya cheti cha ndoa. Nilikirudisha kimyakimya na wala sikuuliza nusu ya pili iko wapi. Lakini kwa kuchelewesha kazi, hakuna kinacholishinda gazeti.

Juzi mama mmoja wa Forest, hapa Mbeya, aliniletea seti ya makochi ya mninga, yale ya zamani yenye mikono mipana ya kuwekea kikombe cha chai. Anataka sponji mpya na kitambaa cha rangi ya ugoro. Nikang'oa misumari, nikabandua sponji iliyokwishakuwa unga, na chini yake nikakuta fundi aliyenitangulia ametandika gazeti zima juu ya mipira. Ijumaa, Februari 8, 2008. Stepo zilikuwa zimeshika kutu, lakini maandishi yalisomeka vizuri tu. Nikavuta stuli.

Mwenye umri wake anaijua wiki ile. Jumatano, Kamati Teule ya Bunge iliwasilisha Dodoma ripoti yake kuhusu kashfa ya Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura mwaka 2006, mabwawa yalipokauka na nchi ikawa gizani. Alhamisi, Waziri Mkuu Edward Lowassa akasimama bungeni na kusema ameandika barua ya kujiuzulu. Mawaziri wawili, Karamagi na Msabaha, nao wakaachia ngazi, na Rais Kikwete akalivunja baraza lote. Sasa fikiria uko chumba cha habari Dar es Salaam usiku huo. Habari huitafuti, imekuja yenyewe. Unachotafuta ni herufi kubwa za kutosha. Kichwa cha gazeti hili kimekula nusu ya ukurasa wa mbele kwa wino mwekundu, na jina la gazeti lenyewe limesukumwa kwenye kona kama mgeni asiyealikwa.

Chini yake kuna mstari wa vipicha vya watu wanaodhaniwa kurithi kiti. Kila mmoja ana sentensi yake ya sifa: huyu mchapakazi, huyu ana uzoefu, huyu yuko karibu na wakubwa. Nimevikagua kwa miwani na bila miwani. Mizengo Pinda hayumo.

Utamu wenyewe ni kwamba siku hiyohiyo ya Ijumaa jina la Pinda lilipelekwa bungeni na kupitishwa, na Jumamosi akaapishwa. Wakati huo magazeti ya Dar yalikuwa yanakuja Mbeya kwa basi. Alfajiri yanapakiwa, yanakatiza Mikumi, yanapanda Kitonga taratibu nyuma ya malori ya Tunduma, yanapita Iringa na Makambako, zaidi ya kilomita 800, na Februari ni mvua. Mpaka yashushwe Kabwe, mwenye redio ameshapata jibu la swali ambalo gazeti ndiyo kwanza linamuuliza.

Nakumbuka ile meza ya magazeti pale Kabwe. Sisi wa kusoma kwa kusimama tulikuwa wengi kuliko wanunuzi, na tulikuwa na nidhamu yetu: mfupi mbele, mrefu nyuma, haruhusiwi mtu kugusa karatasi, na ukimaliza kichwa unasogea mwenzio asome. Redio ya muuzaji ilikuwa juu ya meza hiyohiyo, inasema Pinda, Pinda, Pinda. Mzee mmoja mwenye koti zito akanunua nakala hivyohivyo. Muuzaji, kijana mwaminifu sana, akamwambia, "Shikamoo mzee, lakini hilo linauliza nani atateuliwa, na ameshateuliwa." Mzee akalikunja, akalitia kwapani. "Marahaba. Najua. Nataka nione walivyokosea." Muuzaji akapokea hela kwa mikono miwili, akashukuru: "Ndaga, baba."

Na jambo lililotuchekesha zaidi watu wa huku ni hili. Mwenyekiti wa kamati iliyoitikisa serikali alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Aliyechukua kiti alikuwa mtu wa Mpanda, na miaka hiyo Mpanda ilikuwa bado Rukwa, ndani ya Nyanda za Juu Kusini hizihizi. Yaani habari ya watu wetu ilisafiri mpaka Dar, ikachapwa, ikapandishwa basi, halafu tukauziwa sisi. Mchele wa Kyela huo nao ndio ulivyo, ukitaka ulio kwenye mfuko mzuri unaambiwa umetoka mjini.

Kurasa za kati sina la kusema, isipokuwa safu ya nyota. Siziamini nyota, ila nazisoma, kama kila mtu. Pinda amezaliwa Agosti 12, kwa hiyo ni Simba. Nyota ya Simba siku hiyo inamshauri avumilie kwani hakuna mabadiliko makubwa kazini, na ajihadhari na safari zisizo za lazima. Mnajimu huyo sijui kama Jumatatu alirudi kazini.

Michezo ndiyo imeniua mbavu. Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuwa Ghana, na nusu fainali zote mbili zilichezwa Alhamisi ileile. Ukurasa ulifungwa kabla mpira haujaisha, maana nakala za mikoani hazisubiri mtu, kwa hiyo mchambuzi akajilipua. Akaipeleka Ghana fainali, akaipeleka na Ivory Coast ya Drogba, na akashauri kabisa timu zote mbili zianze kupumzisha wachezaji. Cameroon wakaifunga Ghana bao 1-0 mbele ya watu wake Accra. Misri wakaichapa Ivory Coast 4-1 kule Kumasi, na Jumapili wakabeba kombe. Mchambuzi alikuwa na timu nne za kuchagua, akachagua mbili zilizotoka. Kwa kurusha shilingi tu ungepata hata moja.

Halafu matangazo, ambayo kwangu ndiyo gazeti lenyewe. Celtel wanatangaza robo ukurasa, na hawajui kwamba kabla mwaka haujaisha wataitwa Zain. Hakuna tangazo hata moja la kutuma hela kwa simu, kwa sababu M-Pesa ilianza nchini Aprili mwaka ule. Februari bado tulikuwa tunampa konda bahasha iliyogundishwa kwa gundi, juu tumeandika "barua tu", na konda anaipapasa, anakuangalia, anatabasamu. Wote wawili mnajua kuwa barua haina ukingo wa noti.

Ukurasa wa nne, chini kabisa, kuna orodha ya mawaziri waliokosa kazi baada ya baraza kuvunjwa. Herufi ndogo kama za maelezo ya dawa. Fundi mwenzangu alipigilia stepo moja katikati ya orodha, na nilipoing'oa kwa koleo lilitokea jina la Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Siku chache baadaye alirudishwa kwenye Mifugo na Uvuvi. Mwaka 2015 alisimama kugombea urais dhidi ya Lowassa huyuhuyu aliyekula nusu ya ukurasa wa mbele, akamshinda kwa asilimia 58 kwa karibu 40. Gazeti limemwandika "J. Magufli".