Nyimbo zangu za zamani zisizochuja

Jamani, kuna nyimbo hazizeeki. Chukua Time of the Season ya The Zombies wa Uingereza. Waliirekodi 1967, kundi likavunjika, halafu 1969 wimbo ukatikisa Marekani wakati wenyewe wameshatawanyika! Sikilizeni pale mwanzo: besi, kofi moja, kisha pumzi, "haaa". Ukivaa hedifoni utadhani mtu kakupumulia shingoni.

Dancing Queen ya ABBA, 1976, sina haja ya kuieleza. Ikipigwa hata shangazi mwenye magoti mabovu anasimama.

Ila wa moyoni mwangu ni There She Goes ya The La's, vijana wa Liverpool, 1988. Hauna beti kabisa! Kiitikio kinajirudia, katikati panaingia kipande kifupi tofauti, kisha kiitikio tena, na umekwisha hata dakika tatu hazijafika. Lile gita la mwanzo likianza tu naongeza sauti, jirani anisamehe. Wengine wanausema ni mwepesi mno. Mimi naona hapo ndipo utamu wake ulipo.

Haya, shusheni zenu. Za miaka ya 2000 hasa, huko niko mweupe kabisa 😂