Tulivyoiaga Cassini, kisha tukaagana

Tarehe tuliijua mapema: 15 Septemba 2017. Mashabiki wengi hawapati bahati hiyo. Mwanamuziki wanayempenda hufariki ghafla, na watu waliokuwa wakikesha pamoja kwa ajili yake hutawanyika bila hata kuagana. Sisi tuliokuwa tukiifuatilia Cassini, chombo kilichokuwa kikiizunguka sayari ya Zohali, tuliambiwa miaka kadhaa kabla kwamba chombo kitatumbukizwa ndani ya sayari hiyo na kuteketea. Mwanzoni mwa 2017 msimamizi wetu, mwalimu mstaafu wa hisabati ambaye sote tulimwita Mwalimu, akatutangazia kwamba kundi letu la mtandaoni nalo litafungwa wiki hiyohiyo. "Tulikutana kwa sababu ya chombo hiki," aliandika. "Kikiondoka, tuagane tukiwa bado tunapendana. Sitaki tuje tusahauliane kidogo kidogo."

Wapo waliopinga. Chombo cha Juno kilikuwa kimeshafika Mshtarii Julai 2016, tena kikiwa na kamera iliyowekwa mahususi ili watu wa kawaida nao washiriki, na baadhi yetu walitaka tuhamie huko wote kwa pamoja. Hoja yao ilikuwa nzito. Mimi nilisimama na Mwalimu, na hadi leo sijabadili mawazo. Nilishawahi kuona makundi mengine yakifa pole pole: salamu za asubuhi zinapungua, anabaki mmoja anayeandika peke yake, halafu kimya. Kundi letu lilistahili kuagwa.

Niliingia kundini mwaka 2005, muda mfupi baada ya Huygens, kifaa kidogo kilichobebwa na Cassini, kutua kwenye mwezi wa Titan tarehe 14 Januari. Picha ile ya ardhi ya Titan ilinikamata. Uwanda wenye rangi ya chungwa, ukungu kwa mbali, na mawe ya barafu yaliyolainika kingo zake, ishara kwamba kuna kitu kiliwahi kutiririka pale. Niliitazama hadi nikatamani mtu wa kuzungumza naye, na karibu yangu hakuwepo. Ndipo nikawapata wenzangu, waliotawanyika katika nchi nyingi kiasi kwamba saa yoyote ungeandika kungekuwa na mtu macho.

Na hatukuwa watu wa kushangilia tu. Kazi ilikuwepo. Picha za Cassini zilikuja nyeusi na nyeupe. Kamera zake mbili, moja ya pembe finyu na nyingine ya pembe pana, zilipiga kupitia vichujio: chekundu, cha kijani, cha buluu. Picha ghafi ziliwekwa wazi kwa kila mtu muda mfupi baada ya kupokewa duniani, majina yake yakianza na N kwa kamera ya kwanza na W kwa ya pili. Aliyetaka kuzipa rangi hakuhitaji kibali cha mtu. Alihitaji kompyuta na subira. Unachukua picha tatu za kitu kilekile, unaipa kila moja rangi ya kichujio chake, unazilaza moja juu ya nyingine. Shida ni kwamba huko juu hakuna kilichosimama. Kati ya picha ya kwanza na ya tatu mwezi umesogea, chombo kimesogea, na usiporekebisha unapata mwezi wenye ukingo mwekundu upande mmoja na wa buluu upande wa pili. Mwalimu ndiye aliyenifundisha kuulinganisha mwezi kwanza, peke yake, kisha kurudi kwenye pete na kuzilinganisha kivyake, halafu kuviunga. Ilinichukua muda mrefu kupata picha yangu ya kwanza iliyo safi.

Tulibishana sana kuhusu rangi. Kulikuwa na dada mmoja, muuguzi wa zamu za usiku, ambaye hakumwachia mtu picha iliyokolezwa kupita kiasi. "Zohali haing'ai hivyo," aliandika, basi, hakuongeza neno. Ukirudi kuitazama unaona ni kweli, umeipaka sayari ya watu rangi ambayo haina. Nadhani hakuna mtu aliyenifundisha kutazama kuliko yeye.

Mwaka mmoja wa Zohali ni kama miaka 29 yetu, kwa hiyo kukaa na sayari ile kwa miaka 13 ni kuyaona majira yakigeuka. Cassini ilipowasili, mwaka 2004, ncha ya kaskazini ilikuwa gizani, katikati ya majira ya baridi. Desemba 2010 ikaanza dhoruba kubwa katika nusu ya kaskazini, ikatanda hadi ikaizunguka sayari nzima, na kwa miezi hatukuzungumza kingine. Kufikia Mei 2017 kaskazini ilikuwa kiangazi kamili, na lile umbo la pande sita la mawingu linaloizunguka ncha lilikuwa limetoka kwenye ubuluu hadi rangi ya dhahabu. Wenzangu walioanza wakiwa wanafunzi walikuwa na watoto. Wengine walikuwa wameshatutoka, na picha zao tulizihifadhi pamoja na majina yao.

Kilichotugawa zaidi, hata kuliko suala la kufunga kundi, ni kuteketezwa kwa chombo. Kwa nini kisiachwe kikaendelea kuzunguka, hata kama ni kibovu? Jibu lilitokana na Enceladus, mwezi mdogo wenye upana wa kilomita 500 hivi. Cassini yenyewe ndiyo iliyogundua, mwaka 2005, kwamba nyufa za ncha yake ya kusini zinarusha mvuke wa maji na chembe za barafu angani. Chini ya barafu kuna bahari. Oktoba 2015 chombo kilipita katikati ya mvuke ule, kilomita 49 tu juu ya uso wa mwezi, na Aprili 2017 wanasayansi wakatangaza kwamba wamekuta humo hidrojeni, gesi ambayo baadhi ya vijidudu vya hapa duniani huitumia kupata nishati. Mafuta ya chombo yalikuwa yakiisha. Yakiisha, hakuna tena wa kukielekeza, na siku moja kingeweza kuangukia mwezi ule kikiwa na vijidudu vilivyosafiri nacho kutoka kwetu. Nilipolielewa hilo hasira iliniisha. Wapo ambao haikuwaisha, nami siwalaumu; mapenzi yao kwa chombo kile yalikuwa ya kweli.

Basi tukaipanga wiki ya mwisho. Kila mtu alete picha moja aliyoitengeneza kwa mkono wake, aseme kwa nini ameichagua, na asijibiwe hadi amalize. Sharti hilo la kutomkatiza mtu lilikuwa la Mwalimu, na lilitusaidia sana, maana watu walisema mambo ambayo katika mabishano ya kila siku hayakuwa na nafasi. Mmoja alitueleza kwamba mwaka aliofiwa na mkewe picha ndizo zilizomwamsha asubuhi. Sote tulikuwa tumedhani ni mtu wa kununa tu.

Mwalimu alileta Daphnis. Ni mwezi wa kilomita nane hivi, unapita ndani ya mwanya kwenye pete, na mvuto wake unaziinua kingo za pete kuwa mawimbi. Mwaka 2009, jua lilipokuwa likimulika pete kwa ubavu, mawimbi yale yalitupa vivuli virefu, na hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba yana kimo. Mwalimu alikuwa amepima vivuli, akakokotoa kimo cha mawimbi mwenyewe, na pamoja na picha akatuwekea hesabu yote, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wake, karatasi ikiwa imekunjamana pembeni. Ungedhani anamkabidhi mwanafunzi daftari lake.

Mimi nilichagua ile ya 19 Julai 2013. Siku hiyo Cassini ilikuwa ndani ya kivuli cha Zohali, jua likiwa limezibwa na sayari, kwa hiyo iliweza kuelekeza kamera upande wetu bila kuziunguza. Chini ya pete, kwa umbali wa takriban kilomita bilioni 1.44, kuna nukta ya buluu iliyofifia, na hiyo ni Dunia. Habari ilitangazwa kabla, watu wakaombwa watoke nje wapunge mkono wakati kamera inapiga. Tulitoka. Wengine kwao kulikuwa usiku wa manane, wengine walitoka kazini kwa kisingizio. Nikaandika kwamba naileta hii kwa sababu ndiyo picha pekee ya kundi letu ambamo hakuna aliyekosekana, pamoja na wale ambao hatunao tena. Muuguzi alipopata zamu ya kunijibu hakusema chochote kuhusu rangi. Alisema siku ile alitoka na wagonjwa wawili waliokuwa na nguvu za kusimama.

Picha za mwisho kabisa zilipigwa tarehe 14. Mojawapo inaonyesha mahali hasa ambapo chombo kingeingia saa chache baadaye, upande wa usiku wa Zohali, ukiangazwa na mwanga hafifu unaorudishwa na pete. Tuliigombania kwa raha. Wakati wa kuingia kamera zisingetumika, maana picha zingekuwa nzito mno kutumwa moja kwa moja. Vifaa vya kupima hewa ya sayari ndivyo vilivyopewa nafasi, antena ikiwa imeelekezwa duniani hadi dakika ya mwisho.

Siku yenyewe sote tulikuwepo. Matangazo ya moja kwa moja yalionyesha chumba cha waongozaji kule California, na kwenye skrini mojawapo kilele cha mawimbi ya redio ya Cassini yaliyokuwa yakipokewa na antena za Canberra, Australia. Mawimbi hayo yalichukua dakika 83 kutoka Zohali hadi kwetu. Kwa hiyo tulipokuwa tukikitazama kilele kile, Cassini ilikuwa haipo tena. Tulilijua hilo vizuri, tulikuwa tumelieleza kwa wageni mara nyingi. Lakini nikiyasoma leo maneno tuliyoandikiana, naona hakuna hata mmoja aliyesema "ilikuwa". Inaingia sasa. Inapambana. Bado ipo.

Saa 5 na dakika 55 asubuhi, kwa saa za Greenwich, kilele kikazama. Earl Maize, meneja wa mradi, akatangaza mwisho wa safari, kisha akakumbatiana na Julie Webster aliyekuwa akiongoza uendeshaji wa chombo. Mtu mmoja kundini, mwenye saa mkononi, akaandika kwamba kimeng'ang'ania karibu nusu dakika zaidi ya ilivyokadiriwa, injini zake ndogo zikiusukuma upepo wa Zohali ili antena isigeuke. Tulililia hilo kuliko jambo lolote. Kuna fahari ambayo siwezi kumweleza mtu ambaye hakuwepo, ya kuona kitu ulichokipenda kikimaliza kazi yake kikiwa bado kinatazama upande wako.

Kundi lilifungwa siku mbili baadaye, jioni, kwa saa aliyoipanga Mwalimu. Tulikuwa tumeshasema karibu yote. Zimebaki dakika kama kumi hivi, akaandika mtu ambaye wengi wetu hatukuwahi kuliona jina lake. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akasema anajaribu kutengeneza picha ya Mimas kutoka kwenye kumbukumbu za zamani, na ukingo wa mwezi unamtokea mwekundu upande mmoja. Afanyeje?

Sikuwahi kuona watu wakijibu kwa kasi vile. Mwalimu akatuomba tunyamaze, akaanza kumwandikia: achague alama moja isiyobadilika, kwa Mimas atumie shimo lile kubwa la Herschel, picha ya kijani aiache ilipo, ya nyekundu na ya buluu azisogeze hadi ukingo wa shimo ukutane. Mgeni akajibu kwamba hatua ya tatu imemshinda. Mwalimu akatangaza kwamba anaahirisha kufunga kwa saa moja, akamweleza upya, safari hii kwa michoro. Hakuna aliyeondoka. Tulikaa tukisubiri mtu tusiyemjua alinganishe picha tatu za mwezi uliopigwa miaka mingi nyuma.

Akaileta. Ukingo safi pande zote, shimo lina kivuli chake, kijivu kimetulia. Muuguzi akaitazama, akaandika, "Ndivyo ilivyo." Mgeni akashukuru, Mwalimu akamkaribisha kundini kwa jina, kisha akalifunga.