Injini inazunguka, umeme hakuna: nilivyoipata hitilafu bila kuanza na AVR

Injini iliwaka bila shida na ikatulia kwenye mizunguko 1500 kwa dakika, lakini mita ya volti haikunyanyuka. Ni jenereta ya kVA 60 ya kituo kimoja cha afya huku Nyanda za Juu Kusini, na ndiyo tegemeo la chumba cha upasuaji na friji za chanjo gridi inapokatika. Mzee anayeiendesha akanionyesha boksi la AVR, kifaa kinachodhibiti volti ya jenereta. "Fundi, AVR tumeshabadilisha, hii mpya kabisa. Ngoma ni ile ile."

Haikunishangaza. AVR hulaumiwa kwanza kwa sababu iko karibu na inafunguka kwa bisibisi. Mimi huanza kwa kuitoa kwenye hesabu.

Jenereta isiyo na brashi ni mashine mbili kwenye shafti moja. Ndogo, yaani eksaita, ina koili zilizotulia ambazo AVR huzilisha umeme wa DC. Sehemu yake inayozunguka huzalisha AC, dayodi sita zinazozunguka nayo huugeuza kuwa DC, na huo ndio unaoipa rota kuu, sehemu kubwa inayozunguka, usumaku. Rota hiyo ndiyo inayozalisha umeme wa matumizi kwenye steta, yaani koili kubwa zilizotulia, na AVR nayo hupata umeme wake kutoka kwenye steta hiyo hiyo. Basi mwanzo unatoka wapi? Kwenye sumaku kidogo iliyobaki ndani ya chuma, kama kaa lililofunikwa na majivu. Ni kanuni ile ile aliyoifikia Werner von Siemens mwaka 1866, na mpaka leo ndiyo inayoziwasha jenereta nyingi za dizeli.

Nilipima fezi kwa fezi injini ikizunguka: volti 0.9. Hapo AVR yoyote, hata iwe mpya, haina cha kushika. Nyingi zinataka kama volti 5 ndipo zianze kazi.

Nikazima injini, nikachomoa kwenye AVR nyaya za F+ na F−, zile zinazopeleka DC kwenye eksaita, nikapima ukinzani wa koili ya eksaita: omu 19, na haikugusana na bodi, yaani chuma cha mwili wa mashine. Koili nzima. Nikaunga betri ya volti 12 kwenye nyaya hizo, chanya kwa F+, kupitia swichi niliyoiweka mbali na betri, maana cheche ya koili karibu na gesi ya betri ni hatari. Ukigeuza nyaya, unaweza kuifuta sumaku yenyewe badala ya kuiamsha.

Kipimo hiki nakiamini kuliko vyote. Mashine ya aina hii isiyo na hitilafu, ikipewa volti 12 kwa spidi kamili bila mzigo, hutoa volti zinazokaribia za kibao chake, hapa 400. Nikawasha injini tena. Yetu ilitoa 170, huku injini ikilemewa kidogo. AVR ilikuwa imechomolewa, kwa hiyo haikuhusika. Nilizima haraka, kwa sababu dayodi ikiwa na shoti, koili za eksaita huungua.

Tukafungua mfuniko wa nyuma. Nililegeza waya wa kila dayodi na kuipima peke yake. Tano zilipitisha upande mmoja na kuziba upande wa pili. Ya sita ilisoma sifuri pande zote mbili. Nilibadilisha zote sita pamoja na varista inayozilinda: pigo lililoiua moja limezichosha wenzake, na hospitali si mahali pa kubahatisha. Ziko za aina mbili, tatu chanya na tatu hasi, zinafanana kwa sura, hivyo kila moja niliisoma alama kabla ya kuifunga.

Betri tena: volti 405, fezi zote sawa. Nilipoitoa, sumaku iliyobaki ikasoma volti 8. Nikarudisha AVR, na mashine ikajenga volti yenyewe.

Nikamuuliza mzee wanaitumiaje. Wamezoea kushusha spidi usiku ili kuokoa dizeli. Spidi ikishuka, AVR ambayo kinga yake ya hezi haijarekebishwa hung'ang'ania volti kwa kusukuma DC zaidi, na mzigo wote huo unapita kwenye dayodi. Sikuwa na uhakika kwamba ndicho kilichoiua ile moja, ila sikutaka kuiachia nafasi. Nikarekebisha kinga ianze kushusha volti chini ya hezi 47, gavana, kidhibiti cha spidi ya injini, nikaiweka hezi 52 bila mzigo ili ikibeba ifike 50, kisha nikafunga nati ya gavana na kuipaka rangi nyekundu. "Hapa, mzee, hata dizeli ikipanda bei, usiguse."