Siku moja maishani mwangu: mpiga picha wa Kigoma na lenzi moja ya kushinda nayo

Wakuu habari za leo. Kuna maswali mawili naulizwa sana, la kwanza mpiga picha wa Kigoma anashindaje, la pili ile kamera niliyonunua mtumba nimeifungia lenzi gani. Nayajibu yote humu humu kwa kuwahadithia Jumamosi yangu iliyopita.

Kamera yenyewe ni Sony A7R III, ilitoka 2017, megapikseli 42, picha moja ni pikseli 7952 kwa 5304. Lenzi zangu ni 50mm ya f/1.8 na 85mm (milimita zikiwa chache lenzi inaona pana, zikiwa nyingi inavuta mbali, na namba ya f ikiwa ndogo mwanga mwingi unaingia), hizo hazizuumu, ukitaka mtu awe mkubwa unasogea, ukitaka awe mdogo unarudi nyuma mpaka unakaribia kuingia ziwani. Nlikuwa natafuta zuumu moja tu ya kushinda nayo shingoni. Binamu yangu yuko Dar na wiki hii anarudi nyumbani, kasema usiku wa Jumamosi nimpe jina moja la lenzi, sio matatu, apite Kariakoo aitafute. Mkononi nlikuwa na mbili za kuazima: Sony 24-105 f/4 ya mwenzangu wa Kasulu, na Tamron 28-200 ya jamaa anaefanya kazi za watalii. Ya tatu, Tamron 28-75 f/2.8, nshaitumia kwenye harusi za watu naijua.

Saa 11 na nusu alfajiri

Naamka, betri zimejaa, kadi nimefomati jana. Nje bado giza totoro. Mtu wa Dar akija huku anashangaa, saa hizi kwao kunaanza kupambazuka ila sisi tuko mwisho wa nchi magharibi, jua linachomoza karibia saa moja. Faida yake jioni tunaenda nalo mpaka saa moja usiku ndo linazama nyuma ya milima ya Kongo. Chai hakuna, nitakunywa mwaloni.

Saa 12 asubuhi, mwalo wa Kibirizi

Kazi ya kwanza. Kuna mama anauza dagaa waliofungashwa vizuri kwenye paketi anapeleka Dar na Dodoma, anataka picha za lebo na za kurusha mtandaoni. Kaagiza vitu vitatu, maboti yakiingia na dagaa, akina mama wakianika, na dagaa mwenyewe kwa karibu "mpaka macho yake yaonekane".

Sasa fikiria hiyo kazi mahali penyewe. Mchanga, upepo wa ziwani, magamba ya dagaa yanaruka, mikono yako ina unyevu, na watu hawakusubiri. Maboti yametoka usiku na taa zao, yakigusa nchi kavu ni ndoo juu ndoo chini, dakika chache kila kitu kishashuka. Ukianza kubadilisha lenzi hapo unafungua mlango wa sensa, ile inayonasa picha, mchanga uingie, na kwenye megapikseli 42 kila chembe utaiona angani kwenye picha kama doa la wino. Ndo maana mimi na habari za kubeba lenzi tatu tumeachana.

Nkaanza na 28-200. Mwanga bado mdogo, nkavuta mpaka 200 nimpate baba aliesimama mbele ya boti la mbali, f/5.6, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ikapaa. Picha ipo ila ina chenga, zile punje punje. Nkageuka kuchukua boti lililo karibu na watu wote waliolizunguka, 28 haitoshi, narudi nyuma nakanyaga kamba za watu.

"We mwanangu utatuangukia kwenye dagaa!"

"Shikamoo mama, samahani."

"Marahaba. Piga picha lakini usikanyage mtaji."

Nkaenda pembeni, nkakaa chini ya turubai la mama wa chai, nkaziba upepo kwa mgongo, nkafunga 24-105. Hizo milimita 4 kati ya 24 na 28 kwenye karatasi hazina maana ila kwa macho ni nyingi sana. Ukisimama mita 10 mbele ya ukuta, 24 inakupa mita 15 za ukuta, 28 inakupa karibia 13. Mita mbili hizo ni watu wawili watatu na ndoo zao. Nkapata boti zima, watu, na milima kwa nyuma.

Halafu ikaja ya dagaa kwa karibu. 24-105 inafokasi kuanzia sentimita 38 hata ukiwa umevuta mpaka 105, fremu nzima inakuwa na upana wa sentimita 12 hivi, dagaa mmoja anajaa zaidi ya nusu. 28-200 nayo inakaribia, tena sana, sentimita 19, ila ni ukiwa kwenye 28, na hapo mdomo wa lenzi unakuwa umemwinamia dagaa kabisa, kivuli chako mwenyewe kinamfunika. Mteja kaangalia kwenye kioo cha kamera akacheka, "huyu dagaa ananiangalia". Chai ya rangi, vitumbua, nkalipwa nusu.

Saa 3, studio yangu mtaani Mwanga

Hapa napita haraka. Pasipoti saizi za wanafunzi, mzee mmoja anataka picha ya zamani ikarabatiwe, kijana wa dukani kachelewa kama kawaida yake. Picha za pasipoti napiga na 85, hamna mjadala.

Katikati ya wateja nashusha mafaili. Ukipiga RAW (faili ghafi la picha) isiyobanwa kila moja inapita megabaiti 80, laptopu yangu inapumua kwa shida. Nikakuza picha mpaka asilimia mia. Hapa ndo kamera za pikseli nyingi zinakuumbua. Zamani na kamera yangu ya megapikseli 12 nlikuwa napiga shata (muda wa kunasa picha) ya sekunde 1/60 kwenye 50mm na picha inakaa safi, saivi kitikisiko kidogo tu unakiona kwenye kope za mtu. Kanuni yangu ni kuzidisha mara mbili, ukiwa 50 shata isishuke 1/100, ukiwa 105 usishuke 1/200. Kweli kamera ina kitulizi cha mtikisiko ndani na 24-105 ina chake juu yake, ila kitulizi kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mama anaetembea na beseni. Na kitu kingine, usibane apacha (tundu la lenzi) mpaka f/16 ukidhani unaongeza ukali, mwanga unaanza kutawanyika kwenye tundu dogo na picha inalegea yote. Mimi nakaa kati ya 5.6 na 8.

Ila faida nayo ni kubwa. Ile picha ya baba wa kwenye boti nlirudia na 105, nkaikata kwenye kompyuta mpaka awe saizi ile ile ya 200. Nimebaki na megapikseli 11 na nusu hivi. Picha ya A4 ya kuprinti vizuri inataka kama 9. Yaani 200 nimeipata bila kubeba lenzi ya 200, na kwa sababu nilipiga f/4 badala ya 5.6 ISO ilikuwa nusu. Kuikata kunakula mwanga pia, usidanganyike, chenga zinakuzwa nazo, kwahiyo sio uchawi. Nlipoziweka pembeni kwa pembeni mteja wa kawaida hatofautishi.

Upana sasa, huo hukati. Ukiwa na 28 huwezi kumwambia kompyuta aongeze ukuta ambao haukuingia. Nlipofika hapo kichwani kwangu 28-200 ilianza kufungasha virago.

Saa 6 mchana, stesheni ya reli

Kazi ndogo ya ofisi moja, wanataka picha ya jengo la stesheni kwa ajili ya kalenda. Jua la utosi, muda mbaya kuliko yote, ila wenye kalenda ndo wamesema saa hiyo. Jengo ni la Wajerumani, reli ya kati ilifika hapa 1914, jeupe lina matao mbele, zuri mpaka leo. Kwenye 24 mistari ya ukuta inapinda kidogo pembeni kama pipa, programu inainyoosha yenyewe ukiwasha profaili ya lenzi. Pembe za fremu nkabana f/8 zikakaa sawa. Mlinzi kaniuliza kibali nkamwonesha, tukasalimiana tukaishia hapo.

Saa 8, kula

Ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwani, wa mawese. Sina la kuongeza.

Mezani alikuwepo mzee mmoja fundi picha wa tangu enzi za filamu, amenizidi umri kwa mbali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana, naona una mzinga mpya."

Nkamweleza habari yote ya lenzi tatu, nilidhani atasema sisi tulikuwa na hamsini moja tukaoza nayo. Hakusema hivyo. Kauliza, "hiyo ya kuvuta mpaka mia mbili umekaa nayo muda gani?" Nkamwambia wiki kadhaa. "Basi mashine yako si inaandika kila picha umepiga na milimita ngapi? Kaangalie zile ulizouza tu, usiangalie ulizozipenda." Akarudi kwenye mgebuka wake.

Wakuu, huyo mzee hana hata Instagram.

Saa 9 na nusu, studio tena

Nkafungua Lightroom (programu ya picha) nkachuja kwa milimita za lenzi, nkaangalia zilizolipwa. Zimerundikana kwenye 28. Sio 30 sio 35, ni 28 kavu, maana yake kila mara nlikuwa nimegonga mwisho wa lenzi na nilitaka kwenda zaidi ikagoma. Rundo la pili liko kati ya 50 na 100, watu, nyuso, mikono ya wafanyabiashara. Kwenye 200 kuna picha nzuri nzuri, maboti mbali, ndege, machweo, na karibia zote ni za kwangu, hakuna mtu alietoa hela. Jamaa wa watalii yeye ni tofauti, Gombe sokwe hasogelewi, anahitaji kuvuta, lenzi yake inamfaa yeye. Ingawa hata yeye analalamika chini ya ile miti kunakuwa giza na f/5.6 inambana.

Kwahiyo ikabaki 24-105 na 28-75. Hapa nilikaa sana, maana 28-75 ina f/2.8 mwanzo mwisho, mwanga mara mbili ya f/4, nyepesi gramu 550 wakati Sony ni 663, na bei, zilipotoka kule Marekani 28-75 ilikuwa dola 800 hivi, 24-105 dola 1,300. Mtumba tofauti inapungua ila ipo. Na 75 ukiikata ifike 105 bado unabaki na megapikseli 21, hapo hamna cha kulia.

Saa 12 jioni, sendofu

Ukumbi wenye taa za zambarau na kijani, mshehereshaji anapiga kelele, keki inaingia. Mahali pa kuipima f/4 ni hapa. ISO 6400, shata 1/125, nyuso zinatoka na chenga kiasi, ila picha ya megapikseli 42 ukiipunguza kuwa saizi ya albamu chenga zinamezwa. Walipoanza kucheza mwanga ukashuka zaidi, f/4 ikaanza kuzidiwa kweli. Nkatoa 50 ya f/1.8 mfukoni mwa koti, ndogo, haina hata gramu 200, nkamaliza muziki nayo. Ndani ya ukumbi hamna mchanga, kubadilisha lenzi mara moja sio kesi. Wakati wa picha ya ukoo ndo nlikata shauri, mashangazi, wajomba, watoto mbele, meza nyuma yangu nimebanwa ukutani, na 24 ikawaingiza wote.

Saa 4 usiku

Nkampigia binamu.

"Andika. Sony 24-105 f/4 G."

"Hiyo tu kaka?"

"Hiyo tu. Ukifika usilipe kwanza. Washa tochi ya simu uimulike kwa nyuma uchungulie kama kuna ukungu au utando kama buibui. Izungushe zuumu taratibu usikie kama inakwaruza. Halafu funga kwenye kamera yao piga ukuta wa matofali kwa f/4, kwenye 24 na kwenye 105, ukuze pembe zote nne. Ikiwa upande mmoja mkali upande mwingine umelegea, iache hata akikupunguzia bei."

"Na nikiikosa?"

"Chukua Tamron 28-75 f/2.8, ya pili hiyo."

"Ya mia mbili je, hapa jamaa anasema ndo inatoka sana."

"Mwambie asante. Na uniulizie filta ya milimita 77, ya kwangu ni 67 haitaingia."

Kimya kidogo, nasikia anaandika. "Kaka, na hela ya filta iko wapi?"

Nkamwambia nusu iliyobaki ya mama wa dagaa inaingia kesho.