Nakala ambayo hakuna aliyeijaribu
Mwaka wangu wa kwanza wa kutunza hifadhidata niliandika DELETE, amri ya kufuta, bila WHERE, sharti linalosema rekodi zipi zifutwe. Jedwali la malipo likabaki tupu. Nakala za pg_dump, zana ya kunakili hifadhidata ya PostgreSQL, zilikuwepo za kila usiku, ila hatukuwahi kujaribu kuzirudisha. Ya mwisho ilikatika katikati, diski ilikuwa imejaa. Tukarudi nyuma siku mbili. Mimi na dada wa uhasibu tuliingiza risiti kwa mkono hadi alfajiri, na hakuninung'unikia hata mara moja.

Sasa naanza na BEGIN, inayofanya mabadiliko yasubiri, nasoma idadi ya rekodi zilizoguswa, ndipo COMMIT ya kuyathibitisha. Kila Ijumaa narudisha nakala kwenye seva ya pembeni na kuhesabu rekodi. Baadaye nikajifunza kuhifadhi faili za WAL, zinazoandika kila badiliko: ukiwa nazo pamoja na nakala ya msingi ya faili za hifadhidata yenyewe (si ya pg_dump), PostgreSQL hurudi hadi sekunde chache kabla ya kosa.